Daktari Anayekuja Nyumbani Kumpumzisha Mbwa: Tathmini Yangu

Miaka sita iliyopita nilimpeleka mbwa wangu wa kwanza kwenye kliniki moja hapa Nairobi, nikaambiwa nisubiri nje wakati anapodungwa sindano ya mwisho, nami nikatii kwa kuwa sikujua kwamba ningeweza kukataa. Nilirudi nyumbani na ukanda wake wa shingoni na risiti. Kwa hiyo mwezi uliopita, figo za Bosi, mwenye umri wa miaka 13, ziliposhindwa na miguu yake ya nyuma ikakataa kumbeba, nilitafuta daktari wa mifugo ambaye angekuja kwetu Lang'ata na kuniacha nikae naye hadi mwisho. Nilihakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na bodi ya taaluma yake, maana mjini hapa kila muuza dawa za ng'ombe huitwa daktari.

Alichelewa saa nzima kwa sababu ya msongamano wa magari, lakini alipiga simu mara mbili kutuarifu. Alipoingia hakufungua mkoba. Aliketi mkekani, akamwacha Bosi amnuse viatu, akamtazama ufizi na kuuliza alikula lini mara ya mwisho. Kisha akatueleza, mimi na mwanangu wa miaka 15, kila kitu ambacho kingetokea, na kwa maoni yangu maelezo hayo ndiyo yaliyostahili malipo kuliko sindano zenyewe. Sindano ya kwanza, alisema, ni ya kutuliza, nayo ingempa usingizi mzito baada ya kama robo saa. Baadaye angenyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, atie mrija mwembamba mshipani na kupitisha pentobabitali, dawa ya jamii ya zile za usingizi, ambayo kwa kipimo kikubwa huzima ubongo kwanza, ndipo pumzi na moyo vikafuata. Alitutahadharisha kwamba macho yangebaki wazi, kwamba huenda mkojo ukamtoka, na kwamba angeweza kuvuta pumzi moja au mbili za ghafla baada ya kufa, pasipo kuhisi lolote.

"Mama, kaa hapo kichwani pake, uendelee kuzungumza naye," aliniambia. Sikuwa nimeandaa maneno, hivyo nilimsimulia Bosi habari za muuza maziwa aliyembwekea langoni kila asubuhi kwa miaka yote hiyo bila kumsamehe kosa ambalo hakuna aliyewahi kulijua. Mkia ulitikisika kidogo, ukatulia. Dawa ya pili ilipoingia, hata dakika mbili hazikuisha. Ile pumzi ya ghafla ilikuja kama tulivyoambiwa. Mwanangu alinibana mkono, lakini hakukimbia. Daktari alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akarudia tena, ndipo akasema amekwisha kwenda, kisha akatoka barazani na kutuacha peke yetu bila kutazama saa.

Kuhusu malipo, nina lalamiko. Bei niliyotajiwa kwenye simu haikujumuisha nauli wala dawa ya kutuliza, na ingawa nyongeza haikuwa kubwa, mtu anayelia hapaswi kufanya hesabu za M-Pesa mlangoni. Ningependa jumla yote iandikwe katika ujumbe siku iliyotangulia.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Dawa ile hubaki mwilini, na mnyama mwingine akiufukua mzoga na kuula anaweza kufa; sisi tunaoishi karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi tunajua kwamba fisi hawapigi hodi. Ndiyo maana kaburi linapaswa kuwa na kina cha zaidi ya mita moja na kufunikwa kwa mawe mazito. Hayo tuliambiwa baada ya Bosi kufa, wakati shimo letu lilifika magotini tu, na udongo mweusi wa huku ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Tulichimba hadi giza likaingia, Bosi akiwa amefunikwa shuka kando yetu. Daktari alikuwa amekwisha kulipwa na angeweza kuondoka; alivua koti, akaomba jembe la pili, akachimba nasi.