Ruta ya fayawoli kwa anayeishi bweni linalokataza ruta

Mabweni mengi ya vyuo Marekani na Ulaya yanakataza ruta binafsi (kifaa cha kugawia vifaa vyako intaneti), na katazo hilo lina sababu. Bendi ya 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ya Wi-Fi, kwa kawaida ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kila chumba kikirusha Wi-Fi yake, ya chuo inakwama. Baya zaidi ni pale mtu anapochomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vyako) badala ya WAN (la intaneti inayoingia): ruta yake inaanza kugawia majirani anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa mtandaoni) zisizo za chuo, na wenzake wanakosa intaneti.

Basi kama unataka fayawoli, yaani kizuizi cha miunganisho usiyoialika, nunua ruta isiyo na redio ya Wi-Fi, kisha iombee ruhusa kitengo cha TEHAMA.

1. MikroTik hEX (RB750Gr3). Hii ndiyo ningenunua. Haina Wi-Fi kabisa, ina matundu matano ya gigabiti, na fayawoli inayotoka nayo kiwandani huzuia miunganisho inayoanzia nje. Menyu za RouterOS, programu inayoiendesha, ni nyingi na zinatisha. Usiguse usichokielewa, ila sasisha programu yake mapema. Waya wa ukutani uingie tundu la kwanza. Libandike alama, maana siku ya kuhama chumba utasahau.

2. Ubiquiti EdgeRouter X. Nayo haina Wi-Fi na ina matundu matano. Nimeishusha kwa sababu moja kubwa: ikitoka kwenye boksi haikulindi mpaka uendeshe hatua za usanidi wa mwanzo. Asiyejua hilo atadhani yuko salama.

3. GL.iNet Beryl AX. Ndogo, inatumia umeme wa USB-C, na programu yake imejengwa juu ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Wi-Fi yake inazimika, lakini pia inaweza kuwashwa tena, kwa hiyo kuiombea ruhusa ni kazi ngumu zaidi.

Mango ya kampuni hiyohiyo ni ya bei nafuu, ila matundu yake yanaishia Mbps 100. Ruta kubwa za nyumbani zenye antena, achana nazo.

Wakikataa, tafadhali usinakili kwenye ruta anwani ya MAC ya kompyuta yako (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) ili kuificha ruta. Wakikubaini wanaweza kukukatia mtandao, na mitihani haisubiri. Badala yake tumia fayawoli ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows, chagua mtandao wa umma na uache fayawoli yake ikiwa imewashwa. Kwenye Mac, ingia kwenye mipangilio uhakikishe fayawoli imewashwa. Printa, ambayo kwa kawaida haina ulinzi wowote wa maana, iunganishe kwa waya wa USB na uizimie Wi-Fi.