Fuawe ya Vichwa vya Kubadilisha kwa Karakana Ndogo

Wahunzi wengi wa Jua Kali hufulia chuma juu ya kipande cha reli, na kwa kunyoosha na kubamiza reli hiyo inatosha kabisa. Upungufu wake hujitokeza pale fundi anapotaka kukata au kukunja pembe kali bila msaidizi wa kumshikia patasi. Hapo ndipo fuawe hii ya kilo 50, yaani chuma kizito cha kufulia, inapostahili bei yake. Usoni ina tundu la mraba la milimita 25, ambamo huchomekwa shina la patasi ya kusimama (makali yake yakitazama juu), uma wa kukunjia au kalibu ya kuviringia fito, na kando yake kuna tundu dogo la duara la kupitishia ncha ya kitoboleo. Kichwa kimoja hung'olewa na kingine kuchomekwa kabla chuma hakijapoa, hivyo makaa hayapotei bure.

Uso ni mgumu: gololi ya chuma ikidondoshwa juu yake hurudi karibu kimo kizima. Pembe ya fuawe, ile ncha iliyochongoka ya kukunjia mviringo, ni laini kidogo, jambo la kawaida. Nisichokipenda ni shina la uma, ambalo linacheza tunduni na kuyumba likigongwa kwa ubavu, kasoro isiyosameheka kwa bei hii.

Ningemshauri mnunuzi achukue fuawe pamoja na patasi peke yake, kisha vichwa vingine avifue mwenyewe kwa ekseli kuukuu ya lori. Patasi hiyo, kwa usalama wa vidole, ing'olewe mara tu ukataji unapokwisha.