Zana za mkono za bustani: ununue ipi kwanza, na uikague wapi

Zana ya bustani mara nyingi huharibikia mahali pamoja: pale chuma kinapokutana na mpini. Kwa hiyo dukani usihangaike na rangi wala ung'aavu. Igeuze, uangalie maungio. Zana hapa zimepangwa kwa jinsi zinavyostahili pesa yako. Za juu usizibanie. Za chini unaweza kuchukua ya bei nafuu, au kungoja msimu ujao.

1. Jembe

Mwenye uwezo wa kununua zana moja tu anunue jembe. Yapo ya kufuliwa, ambayo bamba na tundu la mpini ni chuma kimoja, na yapo ya bati lililochomelewa tundu. Chukua la kufuliwa. Ukikosa, kagua mshono wa la kuchomelea: ukiwa umezunguka nusu tu, au una vishimo vishimo, liache. Kisha lining'inize bamba kwa kidole kupitia tundu, uligonge kwa kitu cha chuma. Likilia wazi kama kengele, ni zima. Mlio ukifa papo hapo, huenda lina ufa usioonekana.

Kwa kulima, bamba la kilo 1 hadi 1.5 linatosha. Zito huzama lenyewe kwenye udongo mgumu, lakini ukilipeleka kwenye palizi mikono itachoka kabla hujamaliza tuta la pili. Palizi inataka bamba jepesi lenye makali, linalokwangua sentimita 2 au 3 za juu tu. Ukizama zaidi unakata mizizi ya mimea yako na kuziibua mbegu za magugu zilizokuwa zimelala chini.

Mpini mara nyingi huuzwa kando, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Fuata nyuzi za mti kwa macho: zinapaswa kwenda sambamba na mpini toka kichwani hadi mwisho. Zikikatiza kwenda ubavuni, utapasukia hapo hapo. Fundo karibu na kichwa ni sababu tosha ya kuuacha. Mti mbichi pia haufai. Ukikauka utasinyaa na bamba litaanza kucheza. Ile dawa ya kuloweka jembe kwenye ndoo usiku kucha inasaidia kwa muda mfupi tu: nyuzi zinavimba, zinabanwa na chuma, zinapondeka, na zikikauka bamba linalegea kuliko jana. Piga kabari ya mti mkavu.

2. Mkasi wa kupogolea

Kama huna miti wala maua ya kupogoa, ruka hapa. Kama unayo, usinunue wa bei ya chini kabisa.

Kuna mkasi ambao wembe unapishana na mdomo wa pili, na kuna ule ambao wembe unashuka juu ya kibao bapa. Wa kibao unafaa matawi makavu; kwenye tawi bichi unaponda, na kidonda kilichopondeka huchelewa kupona na kukaribisha magonjwa. Nunua wa kupishana. Ujaribu kwa karatasi nyembamba, ukate kwa ncha: ukiikunja karatasi badala ya kuikata, wembe umelegea au haukunolewa vizuri. Hakikisha nati ya katikati inakazika na springi inaweza kubadilishwa.

Ukikata, wembe mwembamba uwe upande wa tawi linalobaki, mdomo mnene upande wa kipande kinachoanguka, kwa sababu ule mnene ndio unaochubua. Kata kama milimita 5 juu ya jicho (pale chipukizi linapotokea), mshazari ukiteremka kutoka upande wa jicho ili maji yasilitiririkie. Tawi lenye unene wa zaidi ya sentimita 2 ni la msumeno. Ukilazimisha kwa kupinda mkono, midomo ya mkasi inatanuka na haitakata vizuri tena. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa wembe kwa spiriti ya asilimia 70.

3. Tupa

Ndiyo, tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea, kabla ya beleshi. Tupa bapa ya sentimita 25 inalifanya jembe la kawaida likate kuliko jembe ghali lililo butu. Kanyaga mpini, bamba liegemee kigogo, usukume tupa mbele na kuinyanyua unaporudi. Kuikokota nyuma kunamaliza meno yake. Noa upande mmoja tu, ukifuata mteremko uliokuwepo, au pembe ya nyuzi 30 hadi 45 kama mteremko huo umeshafutika. Makali membamba kuliko hayo hukunjika kwenye jiwe la kwanza. Upande wa pili utahisi ukingo unaokwaruza kidole: upitishe tupa mara moja, kwa ubapa, basi. Mashine ya umeme ni ya haraka, lakini chuma kikigeuka bluu kwa joto kimeshapoteza ugumu wake.

4. Jembe la uma

Hili ni la lazima kwa mwenye sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa. Bamba huikata mizizi yake vipande, na kila kipande huchipua. Uma huifungua ardhi ukaivuta mizizi mizima. Tazama meno kutokea ubavuni, yawe sawa. Likandamize moja sakafuni: lirudi lilivyokuwa.

5. Beleshi dogo la kupandikizia miche

Udhaifu wake ni shingo. Weka ncha mezani na uegemee kwa kiganja. Likipinda dukani, shambani halitamaliza mstari mmoja.

6. Reki na kopo la kumwagilia

Hapa bei nafuu inavumilika. Reki iwe na kichwa kisichozunguka kwenye mpini. Kopo la lita 10 likijaa ni kilo 10 na zaidi, kwa hiyo mawili ya lita 5, moja kila mkono, ni afueni kwa mgongo. Kichwa chenye matundu kiwe kinatoka, kwa sababu kitaziba na utahitaji kukisafisha. Kwenye kitalu kigeuze matundu yaelekee juu: maji yatapanda kidogo kisha yaanguke kama manyunyu, wala hayatafukua mbegu.