Kununua Kifaa cha Kutafuta Uvujaji wa VOC Kiwandani: Kipi Kitangulie, Kipi Kisubiri

Kabla hujafungua katalogi ya muuzaji yeyote, chukua karatasi uandike kila kinachopita kwenye mabomba yako. Usiandike "viyeyusho" tu ukaishia hapo. Taja majina: tolueni, heksani, asetoni, methanoli, diklorometheni. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia kifaa.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kilichokuwa kimenunua kipimo kipya, kizuri, chenye cheti cha kalibresheni, yaani kimelinganishwa na gesi ya kiwango kinachojulikana. Tukakipeleka kwenye pampu ya diklorometheni. Kwenye skrini namba ilibaki 0.0, ilhali harufu tamu ya kemikali ile sote tulikuwa tunaisikia. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha aina inayotambua mvuke kwa taa, na taa yake haikuwa na nguvu ya kuigusa kemikali hiyo, basi. Lakini kwa miezi kadhaa watu walikuwa wameandika "hakuna uvujaji" kwenye daftari na kuendelea kufanya kazi pembeni ya pampu hiyo. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

VOC ni misombo tete ya kaboni, yaani vitu vinavyogeuka mvuke upesi hata katika joto la kawaida. Baadhi yake hudhuru wazi: benzeni husababisha saratani ya damu. Mingine, ikikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua, huzaa ozoni ya chini inayochoma mapafu. Mingi inashika moto. Na kila tone linalovuja ni mali uliyokwisha kuilipia.

Nafasi ya kwanza: PID ya mkononi

Kwa kiwanda kinachojua kemikali zake, na hasa kinachotumia viyeyusho, PID, yaani kipimo kinachotambua mvuke kwa mwanga, ndicho ningenunua kwanza. Ni chepesi, kinawaka kwa dakika chache, na kinasoma kuanzia chini ya sehemu moja kwa milioni (ppm) hadi maelfu. Mtu mmoja anaweza kuzunguka nacho zamu nzima bila kuchoka mkono.

Ndani yake mna taa ya urujuanimno. Mwanga wake huigonga molekuli ya mvuke na kuing'oa elektroni, na kifaa hupima mkondo wa umeme unaotokea. Kila kemikali ina kizingiti chake, kinachopimwa kwa elektrovolti (eV). Taa ikiwa na nguvu kupita kizingiti, unaona kemikali. Ikiwa chini, huoni kitu. Taa ya kawaida ni ya 10.6 eV. Tolueni (8.8), benzeni (9.2), asetoni (9.7) na heksani (10.1) zote zinaonekana. Methanoli ni 10.85, haionekani. Diklorometheni ni 11.3, nayo haionekani, na hapo ndipo wenzetu wale walipokwama. Methani, yenye 12.6, haionekani kwa taa yoyote ya PID. Tena methani ikiwa nyingi hewani hushusha hata namba ambazo kifaa kinaonyesha kwa kemikali nyingine.

Muuzaji atakwambia ipo taa ya 11.7 eV. Ni kweli, ipo. Inunue kama karatasi yako inakulazimisha, lakini ujue kwamba dirisha lake limetengenezwa kwa lithiamu floridi, ambayo hufyonza unyevu. Taa hiyo huchakaa mapema mno kuliko ya 10.6, kwa hiyo kwenye bajeti iandike kama kitu cha kununua tena na tena.

Lingine ambalo wauzaji hulipita haraka: PID hufanyiwa kalibresheni kwa gesi iitwayo isobutileni. Kwa hiyo namba unayoisoma ni ya "kana kwamba ni isobutileni". Benzeni kwa taa ya 10.6 unazidisha kwa takriban 0.5. Heksani unazidisha kwa takriban 4.3. Ina maana skrini ikionyesha 100, huenda mbele yako ipo benzeni ya 50 au heksani ya 430. Hakikisha kifaa kina orodha ya vizidisho hivi ndani yake, na kwamba kemikali zako zimo.

Unyevu ndio adui wake mkubwa. Siku ya majaribio fanya hivi: kiwashe kwenye hewa safi, kisha uufunike mdomo wa kifaa kwa kiganja bila kuuziba, joto na jasho la mkono viufikie. Namba ikianza kupanda polepole, ndani ni kuchafu. Ukiona hivyo kwa kifaa kilichotumika, usikinunue kabla taa na sensa havijasafishwa mbele yako.

Nafasi ya pili: FID

Kama mabomba yako yana mchanganyiko mkubwa wa haidrokaboni, au yana methani, au sheria inakudai ripoti rasmi, FID, yaani kipimo kinachotambua mvuke kwa mwali wa moto, inapanda hadi nafasi ya kwanza. Kwa kiwanda cha kusafisha mafuta nisingeanza na kingine chochote.

FID ina mwali mdogo wa haidrojeni. Mvuke ukiingia unaungua, unatoa ioni, nazo zinahesabiwa. Karibu kila kitu chenye kaboni na haidrojeni kinaonekana, na kipimo kinaenda hadi makumi ya maelfu ya ppm bila taabu. Unyevu hauisumbui kama unavyoisumbua PID. Udhaifu wake uko kwenye misombo yenye oksijeni au klorini nyingi, ambako mwitikio hushuka. Formaldehaidi, kwa mfano, haioni inavyopaswa.

Mzigo wake ni haidrojeni yenyewe. Unahitaji mtungi safi sana, mahali salama pa kuujazia, na mtu aliyefunzwa. Mwali pia unahitaji oksijeni ya hewa unayonyonya: ukiuingiza mdomo kwenye uvujaji mkubwa unazimika, na inabidi urudi kwenye hewa safi uwashe upya. Ni kizito kuliko PID, na asubuhi kinahitaji muda wa kupasha. Kama huna njia ya uhakika ya kupata haidrojeni mwaka mzima, usikinunue, hata muuzaji akipunguza bei kiasi gani.

Utaratibu wa kupima uvujaji unaofuatwa sehemu nyingi ni Mbinu ya 21 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Ulaya wana kiwango chao, EN 15446. Mbinu ya 21 haikulazimishi aina ya kifaa, ila inakudai mambo: kiitikie ndani ya sekunde 30, na kizidisho cha kemikali yako kiwe chini ya 10. Kipeleke kifungu hicho kwa muuzaji, akujibu kwa maandishi.

Namna ya kupima nayo nieleze, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mdomo wa kifaa unaugusisha pale shina la vali linapotokea kwenye pakingi. Si karibu na hapo, ni hapo hapo. Unauzungusha taratibu. Namba inatoka 3, inakuwa 12, inakuwa 90. Unapunguza mwendo, unarudi nyuma kidogo, unatafuta pale inapopanda zaidi. Ukipapata, unasimama kwa muda mara mbili ya ule ambao kifaa kinahitaji ili kuitikia. Ndipo unaandika. Mwaka 1999 EPA ilitoa taarifa kwamba viwanda vya kusafisha mafuta vilikuwa vikiripoti wastani wa asilimia 1.3 ya vali zinazovuja, lakini wakaguzi wake walipopima upya walikuta asilimia 5.0. Wapimaji wengi walikuwa wanapita mbio. Kwa hiyo unaponunua, kishike kifaa, kivae begani, ujiulize kama mtu wako ataweza kusimama nacho kwenye vali ya mia mbili kwa utulivu ule ule wa vali ya kwanza.

Nafasi ya tatu: kamera ya gesi

Ndiyo inayovutia kuliko zote, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoona wingu jeusi likipanda kutoka kwenye kifuniko cha tangi ambalo kwa macho lilikuwa safi kabisa, nilinyamaza. Kamera hii hutazama mionzi ya infraredi karibu na mikromita 3.3, mahali ambapo haidrokaboni hufyonza mwanga. Paa la tangi, bomba lililo juu ya kichwa, flanji mia moja kwa mtazamo mmoja: kwa kazi hizo haina mpinzani.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Kwanza, bei: kwa fedha ya kamera moja unaweza kupata PID kumi na zaidi. Pili, haikupi namba ya ppm, na uvujaji mdogo unaipita. Gesi ikiwa na joto sawa na kilicho nyuma yake, haionekani. Upepo huitawanya, na mvuke wa maji hudanganya macho. Marekani iliruhusu kamera itumike badala ya Mbinu ya 21 tangu Desemba 2008, lakini utaratibu ule bado ulidai upimaji wa Mbinu ya 21 mara moja kwa mwaka.

Ushauri wangu ni kukodi. Ikodi wiki moja, pitia kiwanda kizima, rekebisha makubwa, kisha endelea na kifaa cha mkononi. Ukiamua kununua iliyotumika, swali la kwanza liwe saa ambazo kipoozi chake, kile kinachopoza sensa yake, kimefanya kazi. Kipoozi ndicho kinachochakaa, na kukibadilisha ni gharama kubwa.

Vinavyosaidia, lakini si badala

Maji ya sabuni nunua leo. Hata Mbinu ya 21 inayakubali kwa viungo visivyozunguka wala kuchezacheza, mradi chuma si cha moto kiasi cha kuyachemsha. Povu likitulia, endelea mbele. Likivimba, leta kipimo.

Vipimo vya ultrasauti vinafaa pale penye presha, hasa unapojaribu mfumo kwa nitrojeni kabla ya kuuwasha. Haviwezi kukwambia ni gesi gani inayovuja, na mvujo wa presha ndogo hautoi sauti ya kutosha. Sensa za kudumu ukutani ni za kulinda eneo, si za kutafuta vali, kwa kuwa mvujo unaweza kupita mita mbili kando yake upepo ukiwa umegeuka.

Usinunue kwa kazi hii

Kipimo cha hatari ya mlipuko, kile chenye sensa ya kichocheo kinachoonyesha asilimia ya LEL (kiwango cha chini kabisa cha mvuke hewani kinachoweza kushika moto), wengi tayari wanacho na hudhani kinatosha. Hesabu mwenyewe. Benzeni huanza kushika moto ikiwa asilimia 1.2 ya hewa, yaani ppm 12,000. Asilimia 1 ya LEL, namba ndogo kabisa kwenye skrini nyingi za aina hii, ni ppm 120. Kikomo cha OSHA, shirika la usalama kazini la Marekani, kwa mfanyakazi wa zamu ya saa nane ni ppm 1. Kifaa kinasema sifuri huku mtu akivuta mara mia ya kikomo chake. Kitunze kwa kazi yake ya kuzuia mlipuko, na kiweke mbali na dawa za silikoni, kwa kuwa zinaiua sensa yake.

Kabla ya kulipa

Cheti cha usalama kwenye mazingira ya mlipuko, ATEX au IECEx, kilingane na zoni ya kiwanda chako, yaani daraja la hatari ya mlipuko la kila eneo. Linganisha herufi kwa herufi na mchoro wa zoni zako, usikubali kuambiwa "kinafaa kiwandani". Uliza gesi ya kalibresheni itatoka wapi na itakuja kwa muda gani, na kama fundi wa matengenezo yuko karibu au kifaa kitasafiri miezi. Kisha mwombe muuzaji aje nacho kwenye vali yako mwenyewe, ile unayojua inavuja. Mpe karatasi yako ya kemikali, simama kando, umwache apime.