Lancaster ya Mbao Katika Hewa Nyepesi ya Njoro

Modeli ninayoitathmini hapa ni ya ndege ya mabomu ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, Avro Lancaster, iliyoundwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, nami nimekuwa nikiirusha kwa rimoti kwa miezi mitano katika shamba la ngano la shemeji yangu huko Njoro, baada ya mavuno. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Hii yangu ina karibu mita 2.6, na ikiwa na betri zake ina uzito wa kilo nane na ushei. Kiwanda kilichoitengeneza sitakitaja, kwa kuwa nina malalamiko.

Nianze na mbao, kwa sababu hapo ndipo fedha yangu ilipopata thamani yake. Kiunzi ni cha balsa na plaiwudi nyembamba, kimekatwa kwa mashine kwa usahihi kiasi kwamba sikuhitaji msasa ila kwenye maungio ya mkia. Lancaster halisi ilisifika kwa chumba cha mabomu chenye urefu wa takriban mita 10 kisichokatizwa na kitu, na mtengenezaji ametumia nafasi hiyo hiyo kwa busara: milango ya tumbo ndiyo mlango wa betri, hivyo hakuna haja ya kufungua bawa kila unapotaka kubadilisha betri. Vibanda vitatu vya vioo vya wapiga bunduki, puani, mgongoni na mkiani, vimo vyote, na bunduki zimehesabiwa sawasawa, mbili, mbili na nne. Rangi nayo ni sahihi, nyeusi tumboni na kahawia na kijani juu, isipokuwa kwamba inang'aa kama gari la arusi, ilhali ndege zile zilizorushwa usiku zilipakwa rangi isiyong'aa ili zisionekane kwa urahisi katika mwanga wa kurunzi za adui.

Kasoro kubwa iko kwenye nguvu. Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, na hakisemi neno lolote kuhusu mwinuko. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo propela zilezile zinavuta kidogo, na bawa lilelile linahitaji mwendo ulioongezeka kwa karibu asilimia kumi kabla halijaibeba ndege. Siku ya kwanza ilikimbia hadi mwisho wa shamba bila kunyanyuka, nikakata nguvu hatua chache kabla ya ua. Dawa yake ilikuwa kuziondoa propela za mapanga mawili zilizokuja ndani ya boksi na kufunga za mapanga matatu zenye kipenyo kilekile cha inchi 12, kisha kupima umeme unaotumiwa na kila mota ili nisiunguze vidhibiti mwendo, yaani vifaa vinavyoongoza kasi ya mota. Zaidi ya hayo, mapanga matatu ndiyo yaliyokuwa kwenye Lancaster yenyewe, na sielewi kwa nini kiwanda kilichohesabu bunduki kwa uangalifu hivyo kilishindwa kuhesabu mapanga.

Propela zote nne huzunguka upande mmoja, kama ilivyokuwa kwenye injini za Merlin za ndege halisi, ambazo ziliifanya ielekee kushoto wakati wa kuruka, hata marubani wakalazimika kutanguliza nguvu za injini za upande huo. Uaminifu huo kwa historia sikuuhitaji. Nilibadilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota za bawa moja, nikaweka propela za kuzunguka kinyume, na tangu hapo inakwenda moja kwa moja.

Ili ndege isilemee mkiani, pua inahitaji uzito zaidi ya gramu 400 zilizoandikwa kijitabuni. Mimi nilifikisha gramu 620 kwa vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu nilivyonunua Kisumu.

Gharama yote, pamoja na mota, betri na ushuru, ilikaribia shilingi 180,000. Anayetaka kuagiza aanze na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kuhusu kibali, kabla ya kulipa chochote.

Hewani ni tulivu, inapinda polepole kwa heshima ya ukubwa wake, na sauti ya mota nne inapopita chini juu ya mabua huwatoa watu majikoni. Gurudumu la mkia ndilo dhaifu: lilivunjika mara mbili, muuzaji akaniambia halina vipuri, na lililopo sasa limechomelewa na fundi wa jua kali wa Nakuru kwa shilingi 300.