TAHADHARI: Wapiga ramli wa karata na ree ya shupaza yao

Ukikuta tangazo la kusomewa nyota kwa karata za kawaida, "elfu tano tu", jua hiyo elfu tano ni ya kukuingiza mlangoni. Pesa yenyewe iko kwenye kafara, na kafara hainunuliki mpaka itoke karata mbaya. Kwa hiyo lazima itoke.

Inavyotolewa ni hivi. Ree (karata ya A) ya shupaza imeshapangwa juu kabisa ya pakiti kabla hujakaa. Anachanga mbele yako, lakini zinazochangwa ni za chini. Ya juu haitoki mahali pake. Kisha anakwambia ukate mwenyewe, usije ukasema kakuchezea. Unakata, fungu la juu unaliweka mezani. Yeye analichukua lililobaki na kulilaza juu ya lako kwa mkato wa msalaba, eti "alama ya ulipokata". Hapo ndipo maneno yanapoanza: mama anaitwa nani, jana uliota nini, nani alikuja kwenu bila kualikwa. Nusu dakika inatosha kukusahaulisha fungu lipi lilikuwa juu. Ananyanyua la juu, anafunua karata ya juu ya fungu lililobaki mezani, na wewe unaapa ni pale pale ulipokata. Siyo pale. Ni ile ile aliyoipanga.

Wengine hawajisumbui hata na hilo. Wanatandaza karata 21 kati ya 52 na kuzipa ubaya tatu: ree, tisa na kumi za shupaza. Hata zikichangwa kwa haki, uwezekano wa kuona angalau moja ya hizo ni kama 80 kwa 100. Ndiyo maana karibu kila mteja "ana nuksi". Na "mwanamke mwenye jina la A au M anayekuonea kijicho" usimshangae: Asha, Amina, Mariamu, Mwanaidi, nani hana mmoja?

Baada ya karata, bei inapanda kwa ngazi: ubani na udi, kisha kuku mweusi, kisha "dawa imegoma, ongeza". Ukiambiwa usimwambie mtu dawa isije ikaharibika, au ukiombwa picha yako ya faragha "ya kusomea", katisha mazungumzo hapo hapo. Picha hiyo ndiyo fimbo ya kukudai baadaye.

Anayependa kupigiwa karata kwa burudani aende na pakiti yake. Ihesabu: 52, 13 za kila aina (shupaza, kopa, uru na pau), karata za joker kando. Changa mwenyewe, kata mwenyewe, na karata ya pale ulipokata ifunuliwe papo hapo, kabla hajasema neno. Akikataa masharti hayo, umeshajibiwa.

Pesa ikishatumwa, piga simu kwa mtandao wako wa pesa mara moja. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Usifute meseji. Tanzania, ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Kenya, walio Safaricom wautume 333. Polisi nao wana pa kuanzia, maana Kanuni ya Adhabu inahesabu kupiga ramli kwa malipo kuwa kosa.

Na akikupigia mtu siku chache baadaye akisema anaweza kukurudishia hela zako kwa "ada ya kufungua faili", usitume. Namba yako kaipata kwa yule yule wa karata.