Ukarabati wa Nyumba Kongwe Tudor: Kuta na Paa Safi, Gata Zina Kasoro

Kampuni ndogo tuliyoipa kazi ya kukarabati nyumba yetu ya mtaa wa Tudor, Mombasa, hujinadi kwamba hupunguza joto na gharama ya umeme bila kubomoa, na kwa kuwa madai ya namna hiyo yamejaa mjini siku hizi, nimeona ni vyema nieleze walichokifanya na walichokilegeza. Nyumba yenyewe ni ya familia moja, ya chini, yenye kuta za mawe ya matumbawe na paa la mabati lililoanza kushika kutu.

Kilichonipa imani nao ni kwamba hawakutukimbiza kwenye sola. Mkaguzi wao alipanda paani kabla ya jambo jingine lolote, akashuka na kutueleza kwamba Mombasa, ikiwa takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huelemea paa kuliko ukuta wowote, kwa hivyo shilingi ya kwanza ipelekwe huko. Bati tupu huakisi sehemu ya miale, lakini joto linalolishika halilitoi upesi, na kutu huzidisha shida. Walisugua kutu, wakabadilisha yale mabati yaliyotoboka peke yake, wakapaka rangi nyeupe ya paa, kisha wakatoboa matundu ya hewa juu ya kuta za pande mbili ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite kati ya bati na dari, kila tundu likiwa na wavu wa kuzuia popo. Chumba ambacho wakati wa kaskazi kilikuwa hakilaliki mpaka usiku wa manane sasa kinatosheka na pangaboi, na kiyoyozi tulichokuwa tumekiazimia hatukukinunua tena. Tokeni za umeme nazo hukaa zaidi, ingawa sehemu ya nafuu hiyo ni haki ya balbu za LED tulizozifunga wakati uleule.

Kazi ya kuta ndiyo ninayoisifu zaidi. Mwenyewe wa kwanza alizipiga plasta ya simiti, kama walivyofanya wengi hapa kwa kudhani wanaziimarisha. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na simiti haiupi njia ya kutokea. Chumvi iliyomo huganda nyuma ya plasta, ikaisukuma mpaka ikavimba na kubanduka vipande vipande, na kila anayeziba kwa simiti nyingine huwa anaupandisha unyevu ule ule hadi juu zaidi. Mafundi waliing'oa plasta kwa patasi hadi kufikia jiwe, wakauacha ukuta ukauke, ndipo wakapiga chokaa iliyochanganywa na mchanga wa mtoni, kwani wa pwani una chumvi yake, katika matabaka membamba. Kila tabaka lilitundikiwa magunia yaliyolowekwa, yakinyunyiziwa maji asubuhi na jioni, kwa sababu chokaa ikikaushwa na upepo kabla ya kushikana hupasuka. Fundi mmoja mzee alipita akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku akitega sikio. "Hapa pana uwazi, mwanangu," aliniambia, na palepale akaamuru pabanduliwe na kupigwa upya. Kazi hii inakwenda polepole, na mwenye haraka ya kuhamia asiianze.

Kwenye maji ya mvua ndiko walikoteleza. Hesabu yao ilikuwa sawa: paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua hukusanya karibu lita 1,000, na kwa masika ya Mei tangi la lita 5,000 hujaa upesi. Lakini gata, yaani mifereji ya ukingo wa paa, zililazwa bila mteremko wa kutosha, maji yakawa yanatuama humo, na mdomo wa tangi uliachwa bila wavu. Katika mji uliokumbwa na homa ya chikungunya mnamo 2017 na 2018, ambayo mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia, hilo si jambo la kupuuzwa. Hawakuweka hata bomba la kumwaga maji ya mwanzo wa mvua, ilhali kila mkaazi wa Mombasa anajua kunguru wanavyoyachafua mapaa yetu. Baada ya kusumbuliwa sana walirudi, wakatia wavu na kuinua gata za mbele; za upande wa jikoni bado zinashika maji.

Makadirio yao ya gharama pia yaliunganisha vifaa na ufundi katika jumla moja, mpaka tulipodai yatenganishwe. Hata hivyo, malipo yote hayakuzidi tulivyotajiwa mwanzo, na kwa nyumba ya matumbawe ningewaita tena kwa kazi ya chokaa na paa. Atakayewapa na gata ahakikishe mteremko umeandikwa kwenye mkataba, na fungu la mwisho alizuie hadi mvua moja kubwa ipite.